Kitambaa Cheupe

Jim Corbett amezikwa Nyeri, katika makaburi ya Kanisa la Mtakatifu Petro, palepale alipozikwa Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti. Corbett alikuwa mwindaji wa chui-milia. Alizaliwa Naini Tal, kaskazini mwa India, mwaka 1875, akafariki Aprili 1955 katika nchi ambayo haijapata kuwa na chui-milia wa porini. Hata jina la mnyama huyo tumelazimika kuliunga: wengine twasema chui-milia, wengine simbamarara, kila mmoja akiazima kwa mnyama anayemjua ili amtaje asiyemjua.

Corbett alihamia Kenya mwaka 1947, mwaka ule ule India ilipopata uhuru, pamoja na dada yake Maggie. Walikaa katika nyumba ndogo kwenye viwanja vya hoteli ya Outspan, nyumba iliyokuwa imejengwa kwa ajili ya Baden-Powell. Usiku wa tarehe 5 Februari 1952, akiwa na miaka 76, Corbett alikuwa Treetops, hoteli iliyojengwa juu ya mti katika misitu ya Aberdare. Alikuwa pamoja na Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, aliyekuja kutazama tembo na vifaru wakinywa maji chini. Usiku huo baba yake Elizabeth alifariki Uingereza. Asubuhi binti alishuka mtini akiwa malkia, bila kujua. Miaka miwili baadaye wapiganaji wa Mau Mau waliiteketeza hoteli hiyo.

Biashara ya Treetops ilikuwa rahisi kueleza: kaa juu, mnyama aje chini, tazama, usipige risasi. Mwaka 1965 biashara ya namna hiyo ilianza katika nyanda za chini za Nepal, kwa jina la Tiger Tops. Safari hii aliyesubiriwa alikuwa chui-milia. Leo maelfu ya watu husafiri kwenda Nepal na India kwa likizo ya siku tatu nne za kumtafuta mnyama huyo, na makampuni huwauzia nafasi ya kumwona. Nataka kufuatilia historia ya kiti anachokalia mtalii huyo: nani alikikalia kabla yake, na nani aliondolewa ili kiwekwe.

*

Ukisikia Nepal, huenda unaona theluji. Lakini kusini mwa nchi hiyo, mpakani na India, milima inakoma na ardhi inalala tambarare. Sehemu hiyo huitwa Terai. Humo mna bonde la Chitwan, lenye mito ya Rapti, Reu na Narayani, misitu ya miti migumu iitwayo sal, na majani marefu yanayoweza kumficha kifaru, na mahali pengine hata tembo. Kuna joto, unyevu na mbu.

Tangu 1846 hadi 1951 Nepal ilikuwa mikononi mwa ukoo wa Rana, mawaziri wakuu waliorithishana madaraka huku wafalme wakibaki na taji tu. Akina Rana waliiweka Chitwan kuwa uwanja wao wa kuwinda. Hawakuhitaji kuizungushia ua, kwa kuwa malaria ilitosha. Watu wa milimani waliogopa kulala huko hata usiku mmoja katika miezi ya joto na mvua. Msitu wenye homa ulikuwa pia ngome: jeshi lolote kutoka upande wa Waingereza nchini India lingelazimika kuupita kwanza.

Lakini watu walikuwapo. Watharu wameishi Terai kwa vizazi vingi, wakilima mpunga, wakivua, wakichunga, wakijenga nyumba za matete na udongo. Watafiti walikuja kuona kwamba Watharu huugua malaria kwa kiwango cha chini sana kuliko majirani zao, na kwamba sababu mojawapo imo katika damu waliyorithi, jambo ambalo sisi wa pwani na wa maziwa, tunaoijua selimundu, hatuwezi kulishangaa. Ukisoma kumbukumbu za wawindaji wa zamani, Chitwan ni pori tupu. Ukiuliza nani aliongoza tembo, nani alijua chui-milia amelala wapi, nani alibeba mizigo, unawakuta Watharu kila mahali.

*

Desemba 1911, baada ya kusherehekea kutawazwa kwake Delhi, Mfalme George wa Tano alikwenda kuwinda Terai kwa mwaliko wa Waziri Mkuu Chandra Shumsher Rana. Barabara zilitengenezwa, kambi zikajengwa, mamia ya tembo wakakusanywa. Kwa siku zisizofika wiki mbili msafara huo uliua chui-milia 39, vifaru 18 na dubu 4. Chui-milia 21 kati ya hao walihesabiwa kuwa wa mfalme mwenyewe.

Mtu mmoja anawezaje kuua chui-milia 21 kwa muda huo? Mnyama huyu huishi peke yake, hutembea usiku, na akisikia mtu huondoka kimya. Jibu lilikuwa mbinu ambayo Nepal iliijua kuliko nchi nyingine yoyote.

Kwanza, ndama wa nyati wa kufugwa walifungwa mitini sehemu mbalimbali za msitu. Chui-milia akimuua ndama, humburuta hadi kichakani, hula, kisha hulala karibu na mzoga. Alfajiri wafuatiliaji nyayo walizunguka kukagua. Wakikuta kamba imekatika na majani yamelala upande mmoja, walirudi kambini na habari. Ndipo tembo walipotolewa, wakaizingira sehemu ile kwa duara kubwa, kisha duara likawa linabana. Na mahali ambapo tembo hawakutosha, kilitandazwa kitambaa cheupe, kikapitishwa kichaka hadi kichaka kama kamba ya kuanikia nguo.

Chui-milia angeweza kukipasua kitambaa hicho kwa ukucha mmoja, au kukiruka bila hata kukimbia. Lakini kwa kawaida hakukivuka. Alikiona kuwa ukuta, akageuka, akafuata njia aliyoachiwa. Mwisho wa njia hiyo alikuwapo mgeni wa heshima, juu ya tembo, na bunduki yake.

Kwa akina Rana, uwindaji ulikuwa diplomasia. Mgeni aliyeondoka na ngozi tano aliondoka rafiki wa Nepal. Mwaka 1921 alikuja mwana wa mfalme, yule aliyekuja kuwa Edward wa Nane. Baadaye walikuja watawala wa India ya Kiingereza. Na wenyeji hawakuwa nyuma ya wageni: katika miaka ya 1933 hadi 1940, katika uwindaji wa Waziri Mkuu Juddha Shumsher, waliuawa chui-milia 433.

Wapo watu wa uhifadhi wanaosema kwamba uwindaji huo ndio uliouokoa msitu, kwa sababu bila mabwana wenye hamu ya kuwinda, Chitwan ingekatwa mapema. Kuna ukweli ndani yake. Waliwinda miezi michache ya baridi, kisha wakaliacha bonde miaka kadhaa, na wanyama wakajaa tena. Lakini maelezo hayo huwasahau Watharu waliokuwa wakiishi humo muda wote, wakilima na kuvua bila kuumaliza msitu.

*

Ukoo wa Rana uliangushwa mwaka 1951. Katika miaka hiyo njaa na mafuriko viliwasukuma watu wa milimani kushuka chini, na serikali mpya ilitaka ardhi ya kuwapa. Kwa msaada wa Marekani, dawa ya DDT ilipulizwa ndani ya nyumba za Terai, na malaria ikaanza kushindwa. Bonde lililokuwa likiogopwa likawa bonde la kukimbiliwa. Kufikia 1960 idadi ya watu wa Chitwan ilikuwa imepanda kutoka takribani 36,000 hadi takribani 100,000 ndani ya miaka kumi.

Msitu ulikatwa, majani marefu yakalimwa. Vifaru, waliokadiriwa kuwa 800 hivi mwaka 1950, walishuka hadi 100 hivi katika miaka ya 1960. Watharu nao walipoteza. Wengi hawakuwa na hati za ardhi walizolima babu zao, na wageni kutoka milimani walijua kusoma, walijua ofisi, walijua karani gani wa kumwona. Magharibi zaidi mwa Terai, Watharu wengi waliishia kuwa vibarua wa kufungwa kwa madeni katika mashamba ya wengine, mfumo ulioitwa kamaiya, na ambao haukufutwa kisheria hadi Julai 2000.

Katikati ya mabadiliko hayo, mwaka 1961, Malkia Elizabeth, binti yule aliyeshuka mtini Nyeri, alifika Nepal na mumewe. Mfalme Mahendra aliwaandalia uwindaji wa Chitwan kwa desturi ya zamani: kambi, tembo, duara, kitambaa. Lakini dunia ilikuwa imeanza kubadilika. Wiki chache kabla, Prince Philip alikuwa amempiga risasi chui-milia India, na magazeti ya Uingereza yakamjia juu. Nepal alifika akiwa amefungwa bandeji kidoleni, ikaelezwa kwamba kidole kile hakiwezi kuvuta kifyatulio. Wenzake waliwinda, yeye akatazama. Mwaka huohuo lilianzishwa shirika la WWF, naye akawa rais wa tawi lake la Uingereza.

Watu wamecheka bandeji ile kwa zaidi ya miaka 60. Kwangu mimi ndiyo picha ya mwanzo ya mtalii wa chui-milia. Tembo walikuwa walewale, na waongozaji wao walewale. Mgeni alikalia kiti kilekile na kutazama upande uleule, ila hakupiga risasi.

*

Mwaka 1964 serikali iliondoa watu wapatao 22,000 katika eneo lililotengwa kwa ajili ya vifaru na pembezoni mwake. Mwaka uliofuata Tiger Tops ilifunguliwa na Mmarekani aliyekuwa mwindaji. Mwaka 1972 ikachukuliwa na Mwingereza Jim Edwards, akisaidiwa na Charles McDougal, msomi wa anthropolojia aliyegeuka kuwa mwanafunzi wa chui-milia kwa maisha yake yote. Mwaka 1973 Chitwan ikatangazwa kuwa hifadhi ya kwanza ya taifa nchini Nepal, na tangu 1975 inalindwa na wanajeshi. Mwaka 1984 UNESCO iliiorodhesha kuwa urithi wa dunia.

Mgeni wa Tiger Tops wa miaka hiyo alilipa fedha nyingi, naye hakupenda kuondoka bila kuona. Kwa hiyo mbinu ya zamani ikarudi. Ndama wa nyati alifungwa mahali palipojulikana. Chui-milia alipomkamata, wageni waliitwa, wakatembea kimya hadi kibanda cha kuvizia, wakachungulia. Desturi ya kufunga ndama hai kwa ajili ya watalii ilikuja kuachwa, lakini kwa miaka kadhaa tofauti kati ya mfalme wa 1911 na mtalii ilikuwa kilichokuwa mkononi mwake.

Hata sayansi ilipitia njia hiyo. Mwaka 1973 taasisi ya Smithsonian ya Marekani ilianza na Wanepali mradi wa kuwafunga chui-milia vifaa vya redio shingoni, ili kujua wanatembea wapi na wanahitaji eneo kubwa kiasi gani. Hakuna aliyejua namna ya kumkamata chui-milia mzima porini. Waliojua walikuwa wafuatiliaji wa zamani na waongozaji wa tembo. Ndama akafungwa, alfajiri kamba ikakaguliwa, tembo wakatoka, kitambaa cheupe kikatandazwa. Mwisho wa njia alikaa mtu juu ya mti na bunduki ya sindano ya usingizi. Mnyama akaanguka, akapimwa, akavalishwa ukanda, akaamka, akaenda zake. Mengi tunayoyajua kuhusu chui-milia wa porini, pamoja na ukubwa wa himaya za majike na jinsi watoto wanavyotawanyika, yalipatikana kwa ujuzi uliotengenezwa ili kuwaua.

Napenda sana sehemu hii ya historia. Inaonyesha kwamba ujuzi unaweza kubadilishwa kazi bila kutupwa. Inaonyesha pia kwamba mtu aliyeitwa msaidizi kwa miaka yote alikuwa ndiye mwalimu.

*

Kama kipimo ni chui-milia peke yake, matokeo hayana ubishi. Hesabu ya 2009 ilikadiria Nepal ina chui-milia wazima 121. Mwaka 2010, katika mkutano wa St. Petersburg, nchi zenye mnyama huyo ziliahidi kujaribu kuongeza idadi yao maradufu kufikia 2022. Nepal ilivuka ahadi: hesabu ya 2022 ilikuta 355, na 128 kati yao wako Chitwan. Hifadhi ya Bardia, magharibi, iliyokuwa na 18 tu mwaka 2009, ilikuwa na 125.

Mtalii anayekwenda leo hafungiwi ndama. Hoteli zilizokuwa ndani ya hifadhi ya Chitwan zilifungwa mwaka 2012, na wageni hulala nje, wengi wao Sauraha, kando ya Rapti. Asubuhi hupanda gari la wazi, au mtumbwi wa gogo, au hutembea kwa miguu. Anaweza kukaa siku tatu asione chochote ila alama ya unyayo kwenye mchanga wenye unyevu, na baadhi ya watu hurudi wakilalamika. Mimi naona unyayo huo ni habari njema, maana safari hii mnyama ndiye aliyeamua.

Lakini wapo wasiohitaji tiketi ya kumwona. Chui-milia wakiongezeka, vijana wao husukumwa pembeni, kwenye misitu inayopakana na vijiji, ambako akina mama hukata majani ya mifugo na kuokota kuni. Takwimu za serikali zilitaja karibu watu 40 waliouawa na chui-milia nchini humo kati ya 2019 na 2023. Juni 2022, watu wa Bardia waliandamana kudai walindwe dhidi ya wanyama, polisi wakafyatua risasi, na mwanamke kijana akafa. Hiyo ilikuwa wiki chache tu kabla dunia haijaipongeza Nepal kwa hesabu yake mpya. Desemba 2024 Waziri Mkuu KP Sharma Oli alisema hadharani kwamba nchi ndogo kama yake ina chui-milia wengi mno, na kwamba 150 wangetosha. Waliobaki, alipendekeza, wangeweza kupewa nchi nyingine kuwa zawadi. Watu wa uhifadhi walishtuka. Mimi nilikumbuka ngozi za akina Rana. Chui-milia alikuwa tena zawadi ya kidiplomasia, na swali la mwanamke anayekata majani likabaki palepale.

Si kweli kwamba hakuna kilichofanywa. Tangu miaka ya 1990 sheria ya Nepal inaruhusu asilimia 30 hadi 50 ya mapato ya hifadhi kurudi kwa jamii za pembezoni, na kamati za vijiji zimejenga uzio, mabwawa na shule. Kwa siku chache kila mwaka lango hufunguliwa ili watu wakate majani ya kuezekea. Lakini Julai 2020, wakati wa korona, watu wa hifadhi ya Chitwan walikwenda kwenye makazi ya familia za Wachepang, jamii maskini isiyo na hati za ardhi, wakachoma nyumba mbili na kubomoa nyingine nane. Kazi ya kubomoa walipewa tembo.

Nikisoma habari hiyo nawaona tembo wa 1911 wakibana duara lao. Walibeba wafalme, wakabeba wanasayansi, wakabeba watalii, na bado wanatumwa kuvunja nyumba. Mpaka wa hifadhi nao, kwa mtu mwenye fedha, ni kitambaa tu: analipa, anapita. Kwa Mchepang ni ukuta.

*

Corbett mwenyewe, katika nusu ya pili ya maisha yake, aliiweka bunduki pembeni akashika kamera ya sinema. Alisaidia kuanzishwa kwa hifadhi ya kwanza ya taifa nchini India, mwaka 1936, chini ya milima ya Himalaya, na baada ya kifo chake ikapewa jina lake. Anayekwenda huko kuwatafuta chui-milia hukutana na jina la mtu aliyelala Nyeri.

Ukipata nafasi ya kwenda Chitwan, chagua kutembea kwa miguu. Kanuni huko ni waongozaji wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, na silaha yao ni fimbo tu. Wengi wao ni Watharu. Yule wa mbele hutazama chini, akitafuta unyayo, na husikiliza nyani na paa, kwa sababu wao humwona chui-milia kabla ya binadamu na hupiga kelele ya onyo. Akisimama, nawe unasimama. Akikuambia panda mti, unapanda bila kuuliza.

Watu wenye ujuzi huo walifanya kazi ya kukagua kamba alfajiri kwa ajili ya Mfalme George, na majina yao hayakuandikwa. Huyu wa leo ana jina. Muulize, na muulize pia familia yake ilikuwa ikiishi wapi kabla ya 1964.